Kaseti ya Tano Haikufika Ikwiriri

Shujaa wetu alikuwa na nguvu kwa muda ule tu aliokuwa amebana pumzi. Akiibana, aliinua lori kwa mkono mmoja. Akiiachia, alirudi kuwa kijana mwembamba mwenye koti la njano lililompwaya mabegani. Jina alilopewa na waliomchora hatukuweza kulitamka, kwa hiyo watoto wa Ikwiriri tulimwita Pumzi. Kila alipovimbisha mashavu, nasi tulivimbisha yetu. Kibanda kizima cha makuti, watoto tumebanana mkekani mbele ya televisheni, hakuna anayehema. Aliyeachia kabla ya Pumzi alipigwa kofi la kisogoni na aliyekaa nyuma yake, kwa sababu ilieleweka kwamba lori likimponda shujaa, wa kulaumiwa ni huyo.

Nimezirudia pumzi hizo mwaka huu, nikiwa na mvi kwenye panja na miwani ya kusomea, sebuleni kwangu Dar es Salaam. Binti yangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari za Pumzi tangu akiwa mdogo, aliutafuta msimu ule wa katuni kwenye mtandao na kuupata wote. Alinijia na kompyuta mikononi kama mtu aliyeokota kuku wa jirani.

"Baba, ndiye huyu?"

Alikuwa ndiye. Koti lilikuwa lile lile, ila rangi yake haikuwa ya njano kama niliyoitunza kichwani. Ilikuwa njano iliyofifia, ya maganda ya ndizi ya juzi.

Tukawa tunamtazama kila Jumapili mchana, baada ya chakula, sehemu mbili mbili. Sitaficha kwamba wiki za mwanzo nilifadhaika. Michoro ilikuwa ya haraka na ya bei rahisi. Mtaa mmoja uliotiwa rangi mara moja ulipita nyuma ya kila aliyekimbia, nyumba zile zile, mti ule ule, hadi binti yangu akaanza kuuhesabu ule mti. Na Pumzi mwenyewe, ambaye niliapa kwamba aliwahi kubana pumzi kwa muda wa kumaliza kupika wali, hakuibana zaidi ya kufumba na kufumbua. Sisi ndio tuliokuwa tukiirefusha.

Lakini kilichonifadhaisha zaidi ni ukimya. Watu walizungumza kwenye kioo, nami niliyaelewa maneno yao yote, na bado nilihisi kwamba kuna mtu hajaanza kusema. Nilikuwa nikimsubiri dada yangu.

Wazazi wetu walikuwa Wanyamwezi waliohamishiwa Rufiji na serikali, mama akiwa nesi wa zahanati na baba akiwa mwalimu wa shule ya msingi. Tuliingia Ikwiriri mimi nikiwa sijaanza shule na dada yangu akiwa ameanza, maana amenitangulia kwa miaka mitatu. Tulipokelewa kwa matusi. Jirani yetu, bibi wa Kindengereko, alisimama mlangoni siku ile ile ya kushusha mizigo, akamwambia mama yangu, "Mmetembea kwa miguu toka Tabora kuja kutumalizia mchele?" Mama, badala ya kukasirika, akaweka chini sufuria alizobeba, akacheka mpaka akashika kiuno. Walikuwa watani. Wanyamwezi na watu wa pwani wana utani wa tangu babu zao walipokuwa wakishuka na misafara, na sheria yake ni moja: mtani akikutukana huna ruhusa ya kuudhika. Unacheka, kisha unamtafutia tusi lililo bora zaidi. Jioni ile ile bibi akatuletea samaki.

Ni kwa bibi huyo dada yangu alijifunza kusimulia. Wakipepeta mchele uani, bibi alitoa hadithi na dada alilazimika kuitikia; akichelewa kuitikia, bibi alinyamaza na hadithi ikafa palepale, hata kama zimwi lilikuwa limeshafungua mdomo. Baada ya mwaka mmoja wao wawili walikuwa wakipokezana.

Kisha ikaja miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa sabuni za kunukia, mitumba na redio za kaseti. Mfanyabiashara mmoja wa ufuta, Mmatumbi aliyeteremka kutoka vilima vya kusini, aliuza mavuno ya msimu mmoja akarudi kutoka Dar es Salaam na televisheni, deki ya video na jenereta. Akajenga kibanda nyuma ya nyumba ya wageni, karibu na mabasi yaliposimama. Jioni zilikuwa za watu wazima na filamu za ngumi. Jumamosi asubuhi ilikuwa yetu, na kiingilio kilikuwa kikombe cha korosho zisizobanguliwa. Tulichoonyeshwa ni Pumzi, kwa sababu kaseti zake ndizo pekee za watoto ambazo kondakta wa basi aliweza kumpatia. Zilikuwa tano. Zilikuja moja moja, kwa kadiri kondakta alivyokumbuka.

Kaseti zilisema Kiingereza. Mwenye kibanda alijaribu kututafsiria wiki ya kwanza, lakini tafsiri yake ilikuwa ya aina moja: "Wanagombana." Na wakinyamaza: "Wamepatana." Dada yangu, aliyekuwa amekaa na mjukuu wa bibi jirani, akaanza kumweleza mtoto yule kwa kumnong'oneza. Waliokuwa karibu wakasogeza masikio. Waliokuwa mbali wakalalamika.

"Sema kwa sauti, we Mnyamwezi! Au nyuki wamekuuma ulimi?"

Mwenye kibanda akapunguza sauti ya televisheni. Tangu siku hiyo dada alikaa mbele, juu ya kreti la soda, ametokea jikoni moja kwa moja na upawa mkononi, na upawa ule ndio uliotuonyesha nani ni nani. Alikuwa amemaliza darasa la saba zaidi ya miaka miwili nyuma na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Nyumbani jambo hilo halikuzungumzwa. Alifua, alipika, alimsaidia mama kukunja bandeji, na Jumamosi alikuwa mtu mwingine.

Alianza kwa kutupa mwito, na tusipoitikia wote alikuwa tayari kuondoka. Kisha alituingiza. Mji wenye maghorofa aliuita Kariakoo, ili tusipotee. Mkuu wa polisi mwenye tumbo alikuwa Katibu Tarafa, na kila alipotokea tulisimama kwa heshima, kisha tukaketi kwa kicheko. Theluji ilipoanguka, jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona, alisema bila kusita, "Misufi imepasuka," na sote tuliridhika, kwa kuwa pamba za msufi zilianguka vilevile njiani kuelekea Mohoro. Mama yake Pumzi alikuwa akiumua mkate wa kumimina. Pumzi alikuwa na kaka aliyepotea zamani, akiwa mtoto, na kila Pumzi alipokaa dirishani peke yake, dada alitukumbusha kwa sauti ya chini, "Anamuwaza kaka yake." Sijui alijuaje. Leo nimesikia kwa masikio yangu kwamba kweli alikuwa akimuwaza.

Wakati wa mpunga kukomaa, nusu ya watoto walitoweka. Walikwenda bondeni na wazazi wao kukaa kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miguu mirefu ambamo watu hulala mashambani kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Walirudi baada ya wiki kadhaa, sauti zimekauka kwa kupiga kelele za kufukuza ndege, na kabla hawajanawa miguu walikuja uani kwetu. "Dada, tumekosa ngapi?" Naye, akichambua mchele, aliwapa sehemu walizokosa, bila televisheni, bila jenereta, na walibana pumzi vilevile. Masika barabara ilipokatika na abiria wa kusini wakakwama Ikwiriri wakisubiri pantoni ya kuvukia mto, watu wazima nao walisimama nyuma ya kibanda asubuhi kupoteza muda, na nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Binti huyu Kizungu amekilalia." Nilijivuna kama vile nimekilalia mimi.

Mwaka ule uliofuata mimi nilichaguliwa. Nilikwenda sekondari ya bweni, mbali, na nikarudi likizo ya Juni nikiwa na miezi mitano ya Kiingereza, kamusi ya mfukoni na namna mpya ya kukunja mikono ya shati. Kaseti ya nne ilikuwa imefika. Jumamosi ile kibanda kilijaa kuliko kawaida, kwa kuwa kulikuwa na basi lililoharibika, na abiria wake walikuwa wameegemea nguzo nyuma yetu.

Katika kaseti ya nne kulikuwa na adui mpya aliyevaa kinyago cha chuma. Tulimwita Uso wa Bati. Alitumwa na mabwana wenye mali kumwangamiza Pumzi, na mara tatu alikuwa amejaribu kumpiga na mara tatu ngumi yake ilikwenda kando kidogo, ikatoboa ukuta. Sasa alikuwa amemwangusha Pumzi juu ya paa. Alisimama juu yake, akainua mkono, akasema maneno marefu. Dada aliweka upawa kwenye kifua cha yule mtu.

"Jamani," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "mtazameni kifua. Hakipandi wala hakishuki. Huyu naye amebana pumzi. Huyu ndiye kaka! Anamwambia: lala, mdogo wangu. Jifanye umekufa. Wale wanatutazama."

Kibanda kilitoa mguno. Mtoto mmoja mbele alianza kulia. Na mimi nikasimama.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisimama. Ningeweza kusema nilikuwa mtoto, na ni kweli. Lakini nakumbuka vizuri kwamba kabla ya kusimama niligeuka nyuma kuwatazama wale abiria wa basi.

"Sivyo!" nikasema. "Hajasema hivyo!"

Dada aligeuka taratibu. "Amesemaje?"

"Amesema: mimi ni adui yako, na leo nitakumaliza. Hakuna kaka. Hakuna mdogo wangu. Wewe unatunga tu."

"Tazama kifua chake."

"Kifua hakisemi Kiingereza," nikajibu.

Abiria walicheka. Kicheko cha watu wazima, cha kibanda kizima, nacho kilikuwa kwa ajili yangu. Watoto, waliosikia kwamba kumbe walikuwa wakidanganywa tangu kaseti ya kwanza, walilipuka.

"Mnyamwezi mwongo! Rudi kwenu ukarine asali!"

"Darasa la saba! Turudishie korosho zetu!"

Dada yangu akacheka, kama ilivyompasa. Akawajibu, "Korosho mlizoleta zilikuwa na wadudu, mmekula filamu bure," na wakacheka wao pia, na kwa muda mfupi ilionekana kwamba mambo yangepita. Kisha akanitazama mimi. Alisubiri, nadhani, niseme kitu. Mimi nilikuwa nimeshikilia kamusi. Alifuta upawa kwa ncha ya khanga, mbele na nyuma, kama mtu aliyemaliza kupakua, akatoka.

Mwenye kibanda alinikalisha mimi kwenye kreti. Nilitafsiri Jumamosi mbili, kwa uaminifu, neno kwa neno, nikisimamisha kaseti ili nifungue kamusi. Sikuita mtu Katibu Tarafa. Theluji niliiita theluji, na nilipoulizwa theluji ni nini, nilisoma maana yake. Jumamosi ya kwanza watoto walisinzia. Ya pili walikuja saba. Ya tatu mwenye kibanda aliongeza sauti ya televisheni na kuniambia, kwa upole, nikacheze. Kaseti ya tano, ile ya mwisho, haikufika kamwe. Kondakta alihamia njia nyingine, na asubuhi za Jumamosi nazo zikapewa filamu za ngumi. Kwa hiyo hakuna mtu Ikwiriri aliyejua Uso wa Bati alikuwa nani. Ilibaki neno langu na neno la dada, na neno langu lilikuwa na kidato.

Baba alipata habari, akafurahi. Alimwambia mwalimu mwenzake barazani, nikiwa nasikia, na dada akiwa anasikia, kwamba kijana ameanza kukielewa Kiingereza mpaka cha kwenye sinema. Usiku huo tulipokaa kula, dada alimpa mdogo wetu wa mwisho, aliyezaliwa hapo Ikwiriri, birika na kumwambia, "Mnawishe msomi." Sote tulicheka. Kuanzia hapo ndilo lililokuwa jina langu kinywani mwake. Watu walidhani ni la sifa. Nilipohitimu chuo kikuu, alisafiri kuja Dar es Salaam, akanivisha shada la maua shingoni, akasema, "Hongera, msomi," na katika umati wote ule ni mimi pekee niliyejua tunazungumzia paa gani.

Hakusimulia tena. Si kwamba aligoma. Alikuwa tu na kazi nyingine. Bibi jirani alimlalamikia mama, "Mtani, umenipa bubu wa kunipepetea mchele." Wale waliorudi kutoka madunguni msimu uliofuata waliuliza wamekosa nini, akawaambia waniulize mimi. Aliolewa hapo hapo Ikwiriri, akazaa, akazeesha mikono yake kwenye mpunga, na leo ana mashine ya kukoboa karibu na barabara kuu. Katika miaka hiyo yote hatukuwahi kugombana hata mara moja. Alinipokea, alinilisha, alinifungia mchele wa kurudi nao mjini. Aliniita msomi.

Sasa rudi sebuleni. Jumapili ya mwisho, mimi na binti yangu tulifika pale paani. Nilikuwa tayari nimeshaanza kumweleza mambo kwa namna ya dada, kwa sababu picha peke yake zilinikalia vibaya. Uso wa Bati alipoinua mkono, nilisikia kinywa changu kikisema, "Anamwambia: lala, mdogo wangu."

"Baba," binti yangu akasema bila kuondoa macho kwenye kioo, "mbona hajasema hivyo?"

Alisema kwa wema, kama mtu anavyomwambia mwenzake kwamba kifungo cha shati kimefunguka. Nilimwomba arudishe nyuma, tukatazama tena, na safari hii niliondoa sauti. Kifua cha Uso wa Bati hakikupanda wala hakikushuka. Kila aliyekuwa hai katika katuni ile, hata wapita njia, alichorwa mabega yakienda juu na chini. Ndiyo ilikuwa hila yao ya kuonyesha kwamba mtu anaishi. Huyu alisimama kama gogo. Na juu kulia, mahali ambapo macho yangu ya mtoto hayakuwahi kufika, kulikuwa na dirisha la ghorofa jirani, na ndani yake vivuli vitatu vya watu wenye kofia. Walikuwa wakitazama.

Sehemu iliyofuata, ambayo kwetu ingekuwa kaseti ya tano, ilitwaa dakika chache kumaliza ubishi wa karibu miaka thelathini. Uso wa Bati alivua bati. Alikuwa kaka yake.

Basi maneno yale niliyoyatafsiri kwa usahihi mkubwa yalikuwa uongo. Yalisemwa ili wenye kofia wayasikie. Nilikuwa nimeelewa kila neno, na dada, ambaye nadhani hakuelewa hata moja, ndiye aliyekuwa amesikia yaliyosemwa. Binti yangu aliniuliza nawaza nini. Nikamwambia namkumbuka shangazi yake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Siku hizi ni safari fupi. Lami imekwenda hadi darajani, na pantoni ni hadithi ya kuwachekesha watoto. Nilisimama Kibiti kununua korosho, nikajiona mjinga, kwa kuwa ninampelekea korosho mtu anayekaa kwenye korosho, nikanunua hivyo hivyo. Nilifika kwenye mashine karibu saa tano asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika. Akina mama wanne walikuwa wamekaa juu ya magunia ya mpunga wakisubiri, mmoja na mtoto wa miaka mitano hivi aliyekuwa akichezea pumba, na dada alikuwa akifagia, nywele zake zimeota vumbi la pumba utadhani theluji. Misufi imepasuka, nikawaza, nikakaribia kulitamka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, msomi. Umekuja na njaa au umekuja na vitabu?"

"Nimekuja na korosho."

"Ikwiriri!" akawaambia wale akina mama. "Mmemsikia? Mnyamwezi akienda baharini hubeba chumvi."

Walicheka. Mmoja akasema, "Si mdogo wako? Wote nyie kabila moja," na dada akakubali kwamba ni aibu ya ukoo. Nilisubiri watulie. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, kwa vifungu, kama ninavyopanga ripoti za ofisi, na yote yalinipotea.

"Dada, ile kaseti ya tano nimeiona."

"Kaseti ipi?"

"Ya Pumzi."

Ufagio uliendelea. Aliusogeza hadi chini ya mashine, akakusanya pumba, akazisukuma pembeni. Nilidhani hakusikia.

"Alikufa?" akauliza.

"Nani?"

"Uso wa Bati."

"Hakufa. Alivua bati. Alikuwa kaka yake."

Ufagio ukasimama. "Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe, mwishoni kabisa, amesema..."

"Nakuuliza nani alisema kwanza."

"Wewe," nikasema. "Ulisema wewe. Nami nilisimama mbele za watu nikasema unatunga, nikakufanya uchekwe na wageni, na mwenye makosa nilikuwa mimi. Uliona kifua, na uliona walio dirishani. Mimi nilisikia Kiingereza tu. Nimekuja kukuomba radhi, na nimechelewa sana."

Dada aliegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu mkubwa, kama kitu cha kuvunjika.

"Wale watoto walinitukana," alisema, "nikacheka. Walikuwa watani. Mtani akikutukana hana kosa, na wewe huna kidonda. Nilikwenda nyumbani nikajiuliza: na huyu je? Huyu aliyesimama ni nani kwangu? Maana huyu ni ndugu yangu, si mtani wangu. Nitacheka vipi?"

Alinitazama kwa muda ule ule alionitazama kibandani, na nilitambua kwamba lilikuwa swali lile lile, lililosubiri mahali pake. Nilivua miwani, nikaivaa tena.

"Umeileta?" akauliza.

Nilikuwa nimeileta. Niliweka kompyuta juu ya gunia la mpunga, nikafuta vumbi, nikaiwasha kwa chaji yake. Spika yake ilikuwa dhaifu. Barabarani malori ya ufuta yalipita na kuimeza sauti yote. Akina mama wakasogea kwa sababu hawakuwa na kingine cha kusogelea. Yule mtoto akajipenyeza mbele, pumba kichwani. Koti la njano likatokea, likapepea, Pumzi akasimama dirishani na kunyamaza.

"Anasema nini huyo?" mama mmoja akauliza, na wote wakanigeukia mimi, mwenye miwani.

Maneno nilikuwa nayo, yote, tangu la kwanza hadi la mwisho. Nilifunga mdomo. Lori likapita. Picha ziliendelea peke yake, watu wakafungua na kufunga vinywa kama samaki kwenye ndoo, Pumzi akarudi dirishani, na mtoto akaanza kuchoka na kutazama kando. Niliogopa kwamba nimelifanya jambo hili kuwa karamu ya kujisafisha mwenyewe, na kwamba dada ataniachia karamu yangu na kurudi kufagia.

"Hajasema kitu," dada akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, ya mtu anayesafisha koo. "Amechoka. Hamwoni mabega? Huyo anamuwaza kaka yake."

"Kaka yake yuko wapi?" mtoto akauliza.

"Tulia. Anakuja. Na huyu mwenye tumbo ni Katibu Tarafa, simama umsalimie."

Mtoto akasimama. Akina mama wakacheka, na mmoja akamwambia dada hebu aanzie mwanzo basi, wao hawajui huyu wa njano ni mtoto wa nani, na dada akaanzia mwanzo huku picha zikienda mbele, akashika habari za kaseti nne kwa mkono mmoja na ya tano kwa mkono mwingine, bila kukoroga. Hakuwahi kuiona sehemu ile. Mara mbili alisema jambo ambalo lilikuwa bado halijatokea, na likatokea. Mara moja alikosea kabisa, akajirekebisha kwa kumsingizia Katibu Tarafa. Uso wa Bati aliingia, na kidole cha dada, cheupe kwa pumba, kikaenda moja kwa moja kwenye kifua chake, na yule mtoto, ambaye hakuna aliyemfundisha, alivimbisha mashavu.

Mikono ya yule mtu ikapanda kwenye kinyago. Nilijua kilichokuwa chini yake. Nilichotaka kuona ni uso wa dada. Nikainama mbele, nikasogeza kichwa kati yake na kioo.

"Mdogo wangu," alisema, akinisukuma bega kwa nyuma ya mkono bila kunitazama, "sogea. Unatuziba."

Nikasogea.